Deni la bluzi halilipwi kwa makofi

Mwezi Juni mwaka 2022 ilitolewa rasmi rekodi ya maonyesho aliyoyafanya mpiga gitaa wa Uingereza, Eric Clapton, katika ukumbi wa Fillmore mjini San Francisco, Marekani, tarehe 8 na 9 Novemba 1994. Rekodi hiyo inaitwa Nothing But the Blues, yaani bluzi tupu wala si kingine. Filamu ya maonyesho hayo, ambayo Martin Scorsese alikuwa mmoja wa wasimamizi wake wakuu, ilikwisha kuonyeshwa katika televisheni ya umma ya Marekani mwaka 1995. Baada ya hapo ilikaa kabatini miaka ishirini na saba, na wapenzi wakawa wanajipatia nakala za vichochoroni.

Nilikuwa nikiisikiliza rekodi hiyo nyumbani jioni moja alipoingia mwalimu mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu kama kaka yangu wa tumbo moja. Alisimama mlangoni, akasikiliza nusu ya wimbo, kisha akauliza, "Mdogo wangu, huyu si yule aliyetutukana jukwaani Birmingham mwaka 1976? Unamsikiliza wa nini?"

Swali hilo halijibiki kwa kucheka. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba mwezi Novemba 1969 muziki wa Wamarekani weusi uliojulikana kwa jina la soul ulipigwa marufuku katika kumbi za dansi za Dar es Salaam, ikazuka hoja magazetini. Wako waliosema ni uchafu wa kibeberu, na wako waliojibu kwamba haiwezekani sauti ya ndugu yetu aliyechukuliwa utumwani ikaitwa ya kigeni. Hoja ile haikwisha vizuri. Na hii ya kaka yangu ni ngumu kuliko ile, kwa sababu hapa muziki ni wa ndugu yetu, anayeuimba ni Mwingereza, na Mwingereza huyo amewahi kumtukana ndugu yetu huyo huyo hadharani. Yatupasa kuitazama rekodi yenyewe kwanza, kisha tumtazame mtu.

Clapton alizaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Ripley, Surrey, akalelewa na bibi yake akidhani kwamba mama yake mzazi ni dada yake. Alipokuwa na umri wa miaka ishirini hivi aliiacha bendi ya Yardbirds, iliyokuwa inaanza kupata pesa, kwa sababu aliona imeanza kuimba nyimbo za biashara na kuiacha bluzi. Akaenda kupiga na John Mayall, kisha akaunda Cream mwaka 1966, na tangu hapo jina lake likawa kubwa kupita kiasi. Vijana wa London walifikia kuandika ukutani kwamba yeye ni Mungu. Mwezi Machi 1991 alifiwa na mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka minne. Mwaka uliofuata alitoa rekodi ya magitaa ya mbao yasiyotumia umeme, na hiyo ikauzwa zaidi ya nakala milioni 20 duniani. Kampuni yoyote ya rekodi, baada ya mafanikio ya namna hiyo, humtaka mwimbaji wake arudie kitu kile kile.

Yeye hakurudia. Mwezi Septemba 1994 alitoa From the Cradle, rekodi yenye nyimbo 16 za bluzi, na katika hizo hakuna hata moja aliyoitunga yeye. Wapigaji waliketi chumba kimoja wakapiga wote kwa pamoja, kama ngoma inavyopigwa uwanjani, na karibu hakuna kilichoongezwa baadaye ila katika nyimbo mbili. Ikashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Akaondoka kwenda kuzunguka miji ya Marekani na mpango wa nyimbo usiokuwa na kitu isipokuwa bluzi. Mtu aliyelipa kiingilio ili asikie zile nyimbo zilizompa Clapton utajiri alirudi nyumbani bila kuzisikia. Alipomaliza kumbi kubwa akaingia katika kumbi ndogo, na Fillmore ni mojawapo, ukumbi wa watu elfu moja na ushei, wakati yeye angeweza kujaza uwanja wa mpira.

Sasa, rekodi yenyewe ikoje? Sauti yake si sauti ya bluzi, na ni heri kusema hivyo waziwazi kuliko kujipendekeza. Mara nyingi anakoroma kwa koo la kuazima, na msikilizaji anamwona mtu akijitahidi kuvaa koti la marehemu ambalo mabega yake ni mapana kuliko yake. Lakini akiacha kuimba na kuliachia gitaa lijibu, jambo linabadilika. Bluzi imejengwa juu ya kuitana na kuitikiana. Mwimbaji husema mstari, huurudia, kisha huukata kwa mstari wa tatu, na katika kila nafasi anayoiacha chombo humjibu, kama waitikiaji wanavyomjibu kiongozi wa ngoma. Katika kazi hiyo ya kuitikia Clapton hana mzaha. Hapigi noti moja ya kujionyesha pale ambapo wimbo hauitaki. Pembeni yake amesimama Jerry Portnoy, mpuliza kinanda cha mdomo, ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa katika bendi ya Muddy Waters mwenyewe. Akipuliza, unajua kwamba chombo kile kilifunzwa mahali kilipozaliwa.

Na ni mahali gani hapo? Utumwa ulipofutwa Marekani mwaka 1865, mtu mweusi wa kusini hakupewa ardhi. Alirudi katika shamba lile lile la pamba kama mkulima wa kugawana mavuno. Mwenye shamba alimkopesha jembe, mbegu na unga kutoka duka lake, akaandika katika daftari lake, na wakati wa mavuno akafungua daftari hilo na kumsomea mkulima hesabu. Mwaka baada ya mwaka mkulima alijikuta bado anadaiwa. Hakuwa na daftari la kwake, na mara nyingi hakuwa amefundishwa kusoma lile la bwana. Katika maisha hayo, kwenye bonde la Mississippi, ndimo bluzi ilimopata sura yake. Muddy Waters alikuwa mfanyakazi wa shamba la Stovall, karibu na mji wa Clarksdale, wakati Alan Lomax alipomkuta mwaka 1941 na kurekodi sauti yake kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Miaka miwili baadaye Muddy aliacha pamba akapanda treni kwenda Chicago, kama walivyofanya mamilioni ya watu weusi wa kusini waliokimbilia viwanda vya kaskazini. Huko gitaa likafungwa umeme ili lisikike katika baa zenye kelele.

Naomba msomaji anivumilie nikae kidogo juu ya wimbo mmoja, kwa kuwa ndiyo ulionifanya niandike makala haya. Unaitwa Five Long Years. Katika rekodi ya Fillmore unaimbwa kwa nguvu, watu wanapiga kelele za furaha, gitaa linalia mpaka unafikiri nyuzi zitakatika. Wimbo unasimulia habari za mtu aliyefanya kazi miaka mitano katika kiwanda cha chuma, akileta mshahara wake nyumbani kila Ijumaa, na mwishowe akafukuzwa na mwanamke aliyemletea mshahara huo. Nani alitunga? Alitunga Eddie Boyd, mpiga piano, aliyezaliwa mwaka 1914 katika eneo lile lile la Stovall. Naye alikwenda Chicago, naye alikijua kiwanda. Alipourekodi wimbo huo kwa kampuni ndogo iliyoitwa J.O.B. mwaka 1952, ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa watu weusi nchini humo.

Mtu angetegemea kwamba mwenye wimbo kama huo angezeeka akiwa amekaa barazani kwake Chicago, watoto wa mtaa wakimsalimia. La hasha. Eddie Boyd hakuficha uchungu wake juu ya kampuni za rekodi na juu ya ubaguzi wa nchi yake. Mwaka 1965 alikwenda Ulaya na msafara wa waimbaji wa bluzi, akaona kwamba huko mtu mweusi anaweza kuingia mkahawani na kuhudumiwa. Akahamia Ulaya, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 akafanya makazi yake Helsinki, mji mkuu wa Finland, kwenye theluji na giza la mchana. Huko ndiko alikofariki tarehe 13 Julai 1994. Miezi miwili baadaye From the Cradle ikatoka, na ndani yake zimo nyimbo mbili alizozirekodi yeye kwanza, Five Long Years na Third Degree. Usiku ule wa Fillmore, watu waliposhangilia Five Long Years, mtunzi wake hakuwa amefikisha miezi minne kaburini.

Sisemi kwamba Clapton alimwibia. Jina la Boyd limeandikwa kama mtunzi, na mirabaha ya utunzi kwa desturi huenda kwa mwenye hati. Lakini hapo ndipo penye shughuli: ni nani mwenye hati? Watumishi wenzangu wa umma, ninyi mnaoishi na majalada, mtanielewa upesi. Wimbo una mapato ya namna mbili, ya ule uliotungwa na ya sauti iliyorekodiwa. Ukiimbwa upya na mtu mwingine, aliyeurekodi kwanza hapati kitu kwa rekodi yake ya zamani. Anayepata ni mwenye haki ya utunzi. Na kampuni za Chicago za miaka ya 1950 zililijua jambo hilo vizuri kuliko waimbaji waliotoka kulima pamba. Ndugu wawili, Leonard na Phil Chess, waliokuwa na kampuni iliyomrekodi Muddy Waters, walikuwa pia na hisa katika Arc Music, shirika lililoshika haki za nyimbo hizo. Mwimbaji alitia sahihi mbele ya mtu yule yule aliyemlipa. Daftari la duka la shambani lilikuwa limehamia mjini.

Muddy Waters na Willie Dixon waliishitaki Arc Music katika miaka ya 1970, na shauri likamalizwa kwa mapatano yaliyowarudishia sehemu kubwa ya haki zao. Dixon, aliyetunga nyingi kati ya nyimbo ambazo vijana wa Uingereza walizipandia hadi kwenye utajiri, hakuishia hapo. Mwaka 1985 aliishitaki bendi ya Led Zeppelin kwamba wimbo wao maarufu, Whole Lotta Love, ulichukuliwa kutoka katika utunzi wake ambao Muddy aliurekodi mwaka 1962. Wakapatana mwaka 1987 nje ya hukumu. Dixon alikuwa ameanzisha mfuko wa kuwasaidia waimbaji wa bluzi kudai haki zao, na leo mfuko huo una makao katika jengo lile lile la South Michigan Avenue, Chicago, ambalo zamani lilikuwa studio ya akina Chess. Nalipenda jambo hilo.

Yako na ya Robert Johnson. Huyu alirekodi nyimbo 29 tu, katika mwaka 1936 na 1937, akafa mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27. Ni yeye ambaye Clapton humtaja mbele ya wote, na Crossroads, uliomtangaza Clapton katika siku za Cream na uliomo pia katika rekodi ya Fillmore, ni wimbo wa Johnson. Nyimbo zake zote zilipokusanywa pamoja mwaka 1990 ziliuzwa kwa mamia ya maelfu. Miaka minane mizima ilipita baada ya hapo ndipo mahakama ya Mississippi ikamtambua Claud Johnson, mzee aliyekuwa akiendesha lori la kokoto, kuwa mwanawe na mrithi wake halali. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu. Maisha yake yote ya ujana, wakati muziki wa baba yake unaifunika dunia, yeye alikuwa akibeba kokoto.

Kwa kipimo hicho, rekodi ya Fillmore inastahili sifa. Tangu mwanzo Clapton alikuwa miongoni mwa wale walioandika jina la mtunzi. Cream ilipoimba wimbo wa Skip James mwaka 1966, jina la mzee huyo liliandikwa, na malipo yake yakamfikia akiwa mgonjwa wa saratani, miaka michache kabla ya kifo chake cha mwaka 1969. Katika From the Cradle na katika ziara iliyofuata majina yote yamo: Leroy Carr, Lowell Fulson, Jimmy Rogers, Freddie King na wengineo. Fulson na Rogers walikuwa hai mwaka huo na waliweza kula matunda ya nyimbo zao. Huo ni uungwana, na si wote katika ukumbi wa roki walioufanya.

Nilipofika hapa katika maelezo yangu kaka yangu alikohoa. "Na Birmingham je?"

Naam. Tarehe 5 Agosti 1976, katika ukumbi wa Odeon mjini Birmingham, Clapton akiwa amelewa aliwauliza wasikilizaji wake kama kuna wageni humo ndani, akawataka waondoke, si ukumbini tu bali nchini. Akatoa maneno machafu juu ya watu weusi na watu wa Asia ambayo gazeti hili halina haja ya kuyachapa, akasema Uingereza inageuka koloni la watu weusi, na akawahimiza watu wamuunge mkono Enoch Powell. Huyu Powell ni yule mbunge ambaye mwaka 1968, katika mji huo huo, alitoa hotuba ya kuwatisha Waingereza kwamba wahamiaji wataleta umwagaji wa damu. Baadhi ya hao waliotishiwa walikuwa wametoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka huo huo wa 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha haraka haraka sheria ya kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Kiingereza, na mwaka 1972 zikafuata familia zilizofukuzwa Uganda. Yamkini Birmingham ya mwaka 1976 ilikuwa na watoto waliosoma Kisumu au Jinja na wanaojua Kiswahili. Clapton aliwaambia watoke.

Jambo lililowakasirisha Waingereza wenye fikra njema ni kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo mtu huyo alikuwa ameshika nafasi ya kwanza Marekani kwa wimbo wa Bob Marley, Mjamaika. Wachache waliandika barua magazetini kumkumbusha kwamba yote aliyo nayo ameyapata kwa watu weusi, na kutokana na barua hiyo kikazaliwa chama cha wanamuziki wa kupinga ubaguzi, Rock Against Racism. Mwezi Aprili 1978 chama hicho kilikusanya makumi ya maelfu ya watu katika bustani ya Victoria, London. Clapton mwenyewe alichukua muda mrefu mno kutubu. Mwaka 1979 alikuwa akizunguka Marekani huku Muddy Waters akimfungulia maonyesho, na hata mwaka 2004 alikuwa bado akimtetea Powell katika mahojiano. Ilimpasa kufika mwaka 2018, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, ndipo aliposema hadharani kwamba anaona aibu juu ya mambo aliyoyatenda. Pombe alikuwa ameiacha tangu mwaka 1987, kwa hiyo haiwezi kubebeshwa miaka yote iliyobaki.

Wako watakaosema kwamba sanaa haina rangi na kwamba tuyaache hayo tusikilize gitaa. Sikubaliani nao. Wako pia, hasa vijana wenye hamaki njema, watakaosema rekodi hiyo itupwe jalalani. Hao nao sikubaliani nao, ingawa nawaheshimu zaidi ya wale wa kwanza. Mtu anaweza kuipenda kazi ya mikono yako kwa moyo wake wote na asikupende wewe. Sisi tuliotawaliwa hatuhitaji kufundishwa somo hilo. Aliyeipenda katani ya Tanga na karafuu za Pemba hakumpenda mkata katani wala mchuma karafuu. Mapenzi ya Clapton kwa bluzi ni ya kweli, yanasikika katika kila wimbo wa Fillmore, na mapenzi hayo hayo hayakumzuia kufungua kinywa chake Birmingham. Kwa hiyo mapenzi hayatoshi kuwa kinga ya mnyonge. Makofi ya ukumbini hayakumtoa Eddie Boyd Helsinki. Kilichowasaidia Dixon na Muddy ni wakili, shauri na hati, na kilichomsaidia Claud Johnson ni cheti cha kuzaliwa na hakimu aliyekubali kukisoma.

Ndiyo maana naiweka rekodi hii kabatini kwangu. Naiweka kama mtu anavyoweka stakabadhi. Inanionyesha nani anadaiwa, nani anadai, na wimbo gani ulikuwa wa nani. Nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara nikifika Five Long Years naachia ipite, kisha nautafuta ule wa mwaka 1952 wa Boyd mwenyewe, wenye piano na sauti isiyopiga kelele. Ni mzuri zaidi. Boyd hagombani na mtu, anatoa taarifa tu, kama mfanyakazi anayemweleza katibu wa chama cha wafanyakazi yaliyomkuta.

Na sisi huku nyumbani si wasafi kiasi cha kumnyooshea Mzungu kidole kwa mikono miwili. Tulikwisha kuambiwa na Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipoanzisha Wizara ya Utamaduni, kwamba tumejifunza kucheza dansi za kigeni na hatujui ngoma za kwetu. Tulishangilia sana. Lakini hata hizo tulizozijua, je, tuliwajua walizozitunga? Chukua Malaika, wimbo ambao kila mtoto wa shule anaujua na ambao Miriam Makeba aliupeleka duniani kote. Wako wanaoapa kwamba ni wa Fadhili William wa Kenya, na wako wanaoshikilia kwamba ulitungwa na Mtanzania, Adam Salim. Ugomvi huo umedumu zaidi ya nusu karne, na ungemalizwa na karatasi moja iliyoandikwa tarehe na jina siku wimbo ulipotungwa. Nyimbo za akina Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, na Marijani Rajab, aliyefariki mwaka 1995, bado zinapigwa katika harusi na katika baa, na vijana wanazikata vipande na kuzitia katika nyimbo mpya. Mara ngapi umesikia mtangaza sherehe akitaja aliyezitunga?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, na chombo cha kuisimamia kimeundwa. Sheria hiyo, hata hivyo, haiwezi kumlinda mtu asiyeandikwa jina. Afisa utamaduni wa wilaya anayerekodi wazee wa ngoma kwa simu yake, kisha akaihifadhi sauti hiyo kwa jina la kabila tu, bila jina la manju wala la kijiji, anafanya kile kile kilichofanywa na mwenye duka la Mississippi, ingawa yeye hana nia mbaya. Miaka thelathini baadaye kikundi cha vijana wa mjini au cha Ulaya kitaichukua sauti ile, itauzwa, na mjukuu wa manju hatakuwa na karatasi ya kumwonyesha hakimu. Afadhali Alan Lomax, ambaye pamoja na yote yanayosemwa juu yake, aliandika kwamba huyu anaitwa McKinley Morganfield, wa shamba la Stovall.

Kwa walimu jambo ni dogo zaidi na linaweza kuanza muhula huu. Kila mwaka shule zetu hushindana kwa kwaya na ngoma, na kila mwaka ratiba huchapwa ikiwa na safu ya jina la shule, safu ya jina la wimbo na safu ya muda. Kaka yangu, aliyesimamia mashindano hayo kwa zaidi ya miaka ishirini, aliniambia jioni ile kwamba hakumbuki hata ratiba moja iliyokuwa na safu ya nne. Aliniomba kalamu, akachukua karatasi, akachora mistari yake. Safu ya mtunzi ameiweka kushoto kabisa, kabla ya jina la shule, na pale asipojulikana mtunzi, mwalimu wa kwaya ataandika jina la mzee aliyemfundisha wimbo huo na kijiji anachotoka.